Acha Kuniuliza Spidi, Niulize Saa

Kila nikiposti kitu kuhusu intaneti ya setilaiti, swali la kwanza ni lile lile: "Inashika ngapi?" La pili: "Ni ngapi kwa mwezi?" La tatu linatoka kwa msee wa gemu: "Inalegi?" Miaka yote hii sijaona hata mtu mmoja akiuliza swali ambalo lingefaa kuwa la kwanza: "Inatoa saa wapi?"

Hiyo ndiyo kesi yangu leo, na nitaisema bila kuzunguka. Modemu ya setilaiti ni saa kwanza, halafu ndiyo modemu. Saa yake ikiharibika, dishi lako ni sufuria uliyoweka juu ya mabati. Na nchi inayonunua madishi ya shule na zahanati kwa kuangalia megabiti peke yake ni kama mtu anayenunua nganya kwa kuangalia rangi na spika. Inang'aa, ina ngoma, lakini breki je?

Najua mnachotaka kusema. Eti hayo ni mambo ya mafundi, tuwaachie mafundi. Zii. Tumewaachia miaka mingi, na pesa inayopotea ni ya karo na ya ushuru wetu. Kaa chini dakika kumi, nitakueleza bila kukupeleka chuo.

Daraja la gari moja

Tuanze na setilaiti za mbali, zile ambazo dishi lake huangalia mahali pamoja mwaka mzima. Ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado kupanda huko na kushuka kunakula karibu robo sekunde. Ujumbe wako uende na jibu lirudi, nusu sekunde imeisha.

Sasa sikiza. Setilaiti moja haina masafa ya kumpa kila mteja barabara yake. Shule iko Lodwar, zahanati iko Marsabit, ofisi ya chifu iko Lamu, na zote zinaweza kuwa zinarusha data juu kwa masafa yale yale. Zinapishana kwa zamu. Wewe rusha, nyamaza. Mwenzako arushe, anyamaze. Zamu moja ni ya milisekunde chache, na kati ya zamu na zamu kuna kapengo ka usalama kanakopimwa kwa mikrosekunde. Mikrosekunde ni sekunde moja ukiikata vipande milioni.

Fikiria daraja linalobeba gari moja tu. Hakuna taa, hakuna askari wa trafiki, na madereva hawaonani kwa sababu kila mmoja anatoka upande wake. Kitu pekee walicho nacho ni ratiba: wewe uwe darajani saa hii kamili, wewe saa ile. Anayetoka mbali lazima aondoke mapema ili afike kwa zamu yake. Saa ya dereva mmoja ikichelewa, haumii peke yake. Anamgonga mwenye zamu inayofuata, ambaye saa yake ilikuwa sawa kabisa.

Hapo ndipo wengi hupotea. Wanadhani modemu mbovu inamuumiza mwenye modemu tu. Kumbe modemu yenye saa iliyoteleza inaweza kurusha ndani ya zamu ya jirani, na data za wote wawili zikaharibikia huko juu. Ndiyo maana mitambo iliyotengenezwa vizuri ina sheria moja kali: ukipoteza saa, nyamaza. Usirushe chochote mpaka uipate tena. Kwa hivyo siku saa ya modemu yako inapopotea, hutaona spidi ikishuka polepole. Utaona kimya.

Modemu inajuaje saa? Inaambiwa. Kituo kikuu cha ardhini kinaandika saa yake ndani ya mawimbi kinayotuma, tena na tena, na modemu yako inasoma na kujirekebisha ifanane nayo. Katika DVB-RCS, kiwango cha Ulaya cha intaneti ya setilaiti ya aina hii, saa hiyo hupiga mara milioni 27 kwa sekunde. Pigo moja ni karibu nanosekunde 37, yaani muda ambao mwanga unatembea kama mita 11 tu. Namba 27 ilitoka kwa TV ya dijitali, ambako saa hiyo hiyo ya megahezi 27 huhakikisha mdomo wa mtangazaji unaenda pamoja na sauti yake. Ndiyo, intaneti ya zahanati ya shagz inaendeshwa na saa iliyobuniwa ili usione sinema ambayo midomo imeachwa nyuma.

Halafu kuna jambo lingine. Setilaiti inayosemekana haisongi, husonga. Jua na mwezi huivuta, umbo la dunia lenyewe huisukuma, na waendeshaji huirudisha kila mara. Inazurura ndani ya kisanduku chenye upana wa makumi ya kilomita. Kila kilomita 3 za tofauti ya njia ni mikrosekunde 10. Kwa hivyo kituo hupima kila rusho lako: limewahi, limechelewa, kwa kiasi gani? Kisha kinaiambia modemu yako isogee mbele kidogo au irudi nyuma kidogo. Kazi hiyo haina wikendi. Inaendelea hata ukiwa umelala na rauta imewaka bure.

Kipande cha kwatzi na jua la kaskazini

Ndani ya modemu kuna kipande cha kwatzi, ndugu wa kile kilicho ndani ya saa ya mkononi ya bei rahisi pale River Road. Kwatzi ukiipa umeme hutetemeka kwa mpangilio, na hiyo mitetemo ndiyo saa. Shida yake ni joto. Joto likibadilika, mitetemo nayo inabadilika. Kwa hivyo watengenezaji wana ngazi: kuna kwatzi ya kawaida, kuna kwatzi yenye saketi ya kufidia joto, na kuna kwatzi inayofungiwa ndani ya kajiko kadogo kanakoshikilia joto lile lile muda wote. Juu kabisa kuna saa za atomiki. Kila ngazi unapanda, bei inapanda.

Hesabu yake ni ya kidato cha pili. Saa iliyokosea sehemu 1 kwa milioni inapoteza mikrosekunde 1 kila sekunde. Iache sekunde 10 bila kuirekebisha, imeteleza mikrosekunde 10, ambazo kwa mwanga ni kilomita 3. Na si muda peke yake. Kama unarusha kwa gigahezi 14, kosa hilo hilo linakusukuma nje ya masafa yako kwa kilohezi 14. Umekosa zamu na umekosa leni, kwa mpigo mmoja.

Sasa niambie: tenda ya dishi la shule uliyowahi kuona, kuna mahali iliuliza kwatzi ya aina gani iko ndani? Iliuliza modemu inavumilia joto la nyuzi ngapi, ikiwekwa kwenye chumba cha mabati saa nane mchana Lodwar? Mimi nimesoma tenda kadhaa zilizowekwa wazi mtandaoni. Megabiti zipo. Ukubwa wa dishi upo. Idadi ya nakala za risiti ipo. Saa hakuna.

Na haya si maneno ya vitabuni. Shangazi yangu ni muuguzi kwenye zahanati moja kaskazini. Huko kila mtu anamwita daktari, kwa sababu daktari mwingine yuko mbali sana. Mvua ya kwanza ya msimu ilipiga, intaneti ya zahanati ikafa, na jua liliporudi haikurudi nalo. Taa ya kupokea ilikuwa kijani kibichi safi. Taa ya kurusha, giza.

Fundi wa kwanza akaja na bodaboda, akaangalia juu, akasema, "Daktari, hii ni mawingu tu." Mawingu yakaisha, kimya kikabaki. Fundi wa pili akasema, "Daktari, kifurushi chenu ni kidogo, ndiyo maana inazidiwa." Wakaongeza kifurushi. Wa tatu akabadilisha rauta. Wiki sita zilipita hivyo. Wiki sita shangazi alikuwa anapanda kilima na simu mkononi kutafuta mtandao, ili aulize kama ambulensi inaweza kuja kumchukua mama mjamzito. Mara mbili alipanda usiku, na tochi.

Fundi wa nne alikuwa mzee. Hakuuliza kuhusu spidi. Aliuliza, "Taa ya kurusha ilizima lini?" Akapanda kwenye dishi, akafungua kiunganishi cha kebo ya kurushia, na maji yakatoka, na shaba ndani imeshakuwa kijani. "Hii imekunywa, daktari," akasema.

Alichomweleza shangazi ndicho ninachotaka ukishike. Kebo ile haibebi data peke yake. Inapandisha pia umeme, na inapandisha mapigo ya saa, megahezi 10, kutoka kwa modemu hadi kile kifaa cha kurushia kilicho kwenye mkono wa dishi. Kifaa hicho hakina saa yake ya kutegemewa. Kinakopa ya modemu. Mapigo yakidhoofika kwa sababu ya maji, kifaa kinajifunga mdomo, kama sheria inavyotaka. Mzee alikata kebo, akaweka kiunganishi kipya, akafunga utepe wa kuzuia maji. Nusu saa. Kifurushi kikubwa walichokuwa wamelipia hakikuwa na uhusiano wowote na shida.

Mafundi watatu waliotangulia hawakuwa watu wabaya. Walifundishwa kuuza spidi, wakauza spidi. Aliyewatuma ndiye wa kulaumiwa, pamoja na sisi wateja tuliomzoesha kwamba hatuulizi kitu kingine.

"Lakini siku hizi kuna madishi madogo"

Najua kuna watu wanacheka hapa. Wanasema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna setilaiti za chini, shida imeisha. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na sikatai, imebadilisha mchezo. Ilipoingia, setilaiti zake nyingi zilikuwa karibu kilomita 550 juu, si 35,786. Kungoja kumepungua sana. Hiyo nakubali mia kwa mia.

Lakini karibu haimaanishi saa imekuwa rahisi. Imekuwa ngumu zaidi. Setilaiti ya chini inakimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Inapokukaribia, masafa yake yanapanda. Inapokuacha, yanashuka, kama king'ora cha ambulensi kinachokupita barabarani. Hiyo ndiyo athari ya Doppler, na kwa mawimbi ya gigahezi 12 inaweza kuyasogeza kwa zaidi ya kilohezi 200. Umbali nao unabadilika kila sekunde, kwa hivyo ule muda wa kuondoka mapema ili ufike darajani kwa zamu yako unabadilika pia. Na baada ya dakika chache setilaiti hiyo imeshazama, dishi limehamia nyingine, hesabu inaanza upya.

Dishi dogo linawezaje haya yote? Lazima lijue liko wapi duniani na ni saa ngapi, kwa usahihi. Ndiyo maana lina kipokezi cha GPS ndani yake. Kwa hivyo dishi jipya halikuondoa swali la saa. Limelificha ndani ya plastiki nyeupe nzuri, na wewe ukadhani limeisha.

Saa ya kukopa

Sasa tufuate hii saa hadi mwisho. Modemu yako inakopa kwa kituo kikuu. Kituo kikuu kinakopa wapi? Mara nyingi kwenye GPS. Minara ya simu je? Mnara ambao simu na mnara hupishana kwenye masafa yale yale unatakiwa kukubaliana na minara jirani ndani ya mikrosekunde 1.5. Ukiwa umeunganishwa kwa setilaiti ya mbali, ni vigumu mno kupitisha saa ya usahihi huo ndani ya data, kwa sababu njia ni ndefu na inabadilika kila mara. Suluhisho la kawaida? Antena ya GPS juu ya mnara. Kila mlango unaobisha, anayefungua ni yule yule.

GPS ni ya Marekani, na inaendeshwa na jeshi lake la anga za juu. Ilikamilika mwaka 1995. Mpaka Mei 2000, mawimbi waliyopewa raia yalikuwa yanaharibiwa kidogo kwa makusudi ili yasiwe sahihi sana, na yalipoachwa huru, yaliachwa kwa uamuzi wa rais wa Marekani. Sisemi Wamarekani ni maadui. Nasema tu kwamba uamuzi ulifanyika Washington, na hakuna mtu alipiga simu Nairobi kuuliza maoni.

Pia mawimbi yenyewe ni dhaifu ajabu. Yanatoka kilomita 20,200 juu, na yanapofika kwako yako chini ya kelele za kawaida za redio. Kipokezi kinayachimbua kwa hesabu. Kitu dhaifu hivyo hakihitaji jeshi kukizima. Pale Newark, New Jersey, dereva wa pikapu alikuwa na kifaa cha bei rahisi cha kuzuia GPS, kwa sababu hakutaka mwajiri wake ajue yuko wapi. Kila akipita karibu na uwanja wa ndege, alivuruga mtambo wa kuongozea ndege. Mwaka 2013 alipigwa faini ya karibu dola 32,000. Mtu mmoja, kifaa kimoja, sababu ya kijinga. Sasa hesabu magari yenye treka Nairobi, halafu hesabu madereva ambao hawapendi kufuatwa na bosi.

Na si lazima hata mtu ahusike. Tarehe 26 Januari 2016, setilaiti moja ya zamani ya GPS ilipokuwa ikistaafishwa, makosa ya data yalifanya baadhi ya setilaiti kutangaza saa iliyokosea kwa mikrosekunde 13 hivi. Wewe na mimi hatukuhisi kitu. Lakini mitambo ya simu sehemu mbalimbali za dunia ilianza kupiga kengele, na redio ya dijitali Uingereza ikavurugika. Tarehe 6 Aprili 2019, hesabu ya wiki ndani ya GPS ilijaa na kurudi sifuri, jambo lililojulikana miaka mingi kabla, na bado mtandao wa redio wa jiji la New York ukaanguka. Julai mwaka huo huo Galileo, mfumo wa Ulaya, ulikaa karibu wiki nzima bila huduma.

Mnaona mtindo? Hakuna bomu hata moja hapo. Ni data mbovu, namba iliyojaa, na kushindwa kwa kawaida kwa mitambo.

Hoja ya "ni bure na haijawahi kutuangusha"

Kuna mtu ataniambia GPS ni bure, iko kila mahali, na kwetu haijawahi kuleta shida. Hiyo ni hoja ya dereva aliyeuza spea tairi kwa sababu bado hajapata pancha. Tena wenye GPS wenyewe hawaamini hivyo. Februari 2020, rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kuzitaka sekta muhimu zisitegemee mfumo huo bila akiba. Mwezi huo huo Uingereza ikatangaza mpango wa kituo cha taifa cha muda, ili ipate saa ya kutegemewa bila kuomba angani. Korea Kusini, iliyochoka kuvurugiwa mawimbi kutoka kaskazini, imewekeza kwenye mfumo wa redio wa ardhini. Kama mwenye nyumba ananunua mshumaa, mpangaji anawezaje kusema stima haiwezi kupotea?

Hapa kuna mtu atatupa ule mzaha wa zamani, eti Mwafrika na saa wapi na wapi. Tafadhali. Sisi tuna lugha inayohesabu saa kuanzia alfajiri. Mtu akikuambia saa tatu asubuhi, simu yako inaandika 9:00, na hakuna anayepotea. Kwa nini? Kwa sababu tofauti ni sita, jana ilikuwa sita, na kesho itakuwa sita. Na kwa nini tulianzia alfajiri? Kwa sababu karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Bibi zetu walichagua rejea isiyoteleza. Hilo ndilo somo lote la modemu ya setilaiti: tofauti inayojulikana si shida, unatoa tu hesabu. Shida ni saa inayoteleza bila mtu kujua, na rejea ambayo huna uwezo nayo. Watu waliojenga saa yao juu ya jua la ikweta hawawezi kuambiwa hawaelewi muda. Tumeacha tu kuuliza.

Ninachotaka

Sitaki tujenge GPS yetu. Nataka vitu vinne, vyote vinawezekana.

Kwanza, kila tenda ya umma ya intaneti ya setilaiti iandike saa kwa maneno wazi: aina ya kwatzi, kiwango cha joto inachovumilia, ubora wa viunganishi vya nje, na nani atavikagua kabla ya kila msimu wa mvua. Karatasi moja tu ya ziada. Ingekuwepo, shangazi yangu hangepanda kilima usiku.

Pili, kila kampuni inayoendesha kituo kikuu au minara ijibu swali hili: GPS ikipotea sasa hivi, mtashikilia saa kwa muda gani? Kuna jibu la dakika, kuna jibu la saa, kuna jibu la siku, kutegemea kama ndani kuna kwatzi ya kawaida, ya jikoni au saa ya atomiki. Sisemi lazima wote wawe na ya atomiki. Nasema lazima jibu lijulikane, kwa sababu hospitali inayotegemea mnara huo ina haki ya kujua.

Tatu, rejea iwe zaidi ya moja, na mojawapo iwe ardhini. Kuongeza Galileo au BeiDou kunasaidia data ikikosewa upande mmoja, lakini zote ni mawimbi dhaifu kutoka juu, na kizuizi kimoja kinaweza kuzifunga zote. Hapa nchini, KEBS ndiyo inayotunza viwango vya taifa vya vipimo, na muda ni kimojawapo. Tuna nyaya za fiba. Saa ya taifa ipelekwe kwa fiba hadi kwenye vituo vikuu, itumike kila siku, isikae maabara kama kikombe cha wageni. Na CA, ambayo tayari hutoa ripoti za ubora wa huduma, ianze kutuambia ni hitilafu ngapi zilisababishwa na saa.

Nne ni letu sisi wenye chaneli na kurasa. Tuache hizi rivyuu za dakika tano: unafungua boksi, unapima spidi saa nne asubuhi ukiwa Kilimani, unapiga kelele "mazee ona hii!", halafu unaweka linki. Hiyo si rivyuu, hiyo ni tangazo ambalo hata hukulipwa vizuri. Pima saa nane mchana jua likiwa kali. Pima baada ya mvua. Acha iwake wiki nzima na uandike kila mara taa ya kurusha ilipozima. Mtu wa Kakuma anayekutazama ili aamue ataweka pesa wapi anahitaji hiyo, si kelele zako.

Watauza spidi mradi sisi tunauliza spidi. Siku wateja elfu moja watauliza kuhusu saa, kutakuwa na mtu ofisini aliyepewa kazi ya kujua jibu. Kwa hivyo kabla shule yako, kaunti yako au kanisa lenu kutia sahihi mkataba wa dishi, simama uulize: inatoa saa wapi, na ikiipoteza itakaa muda gani? Anayeuza akikujibu, msikilize, huyo anajua kazi yake. Akikuangalia kama umemtukana, funga mkoba, nenda kwa mwingine.